Kabla ya Kumimina Dawa Kwenye Tangi au Kwenye Injini

Mhudumu wa kituo cha mafuta akishachomeka bomba la pampu kwenye tangi, mara nyingi hukugeukia akiwa na kichupa mkononi na kukuambia, "Kaka, weka na hii, gari litakuwa jepesi." Mwenye gari ambaye kwa wiki mbili amekuwa akiliona gari lake zito mlimani hana nafasi ya kufikiri, kwa sababu foleni iliyo nyuma yake imeanza kupiga honi, hivyo anatoa fedha na kichupa kinamiminwa. Nimeandika mwongozo huu ili uamuzi huo ufanyike nyumbani kwa utulivu, kabla ya kufika kwenye pampu, na ili yule atakayeamua kutumia ajue namna ya kutumia na namna ya kupima kama amepata alichokilipia.

Nitatumia maneno kama yanavyotumika gereji. "Mafuta" ni petroli au dizeli inayoingia kwenye tangi, "oili" ni kilainishi cha injini, na "dawa" ni kiongezeo chochote kinachouzwa kwenye kichupa ili kimiminwe kwenye kimojawapo.

Nijibu kwanza swali linaloulizwa na wengi: je, dawa hizi huongeza uwezo wa gari? Dawa ya kusafisha mfumo wa mafuta inaweza kurudisha nguvu iliyopotea kwa sababu ya uchafu, na hapo dereva huona tofauti, lakini haiwezi kuipa injini nguvu ambayo haikutoka nayo kiwandani. Dawa ya oili, kwa injini nzima inayowekewa oili iliyoelekezwa, haina kazi ya kufanya, na mara nyingine huvuruga kazi ya dawa zilizokuwemo tayari ndani ya oili. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya bidhaa 100 zilizodaiwa kupunguza ulaji wa mafuta, likakuta ni chache mno zilizopunguza chochote, na hizo chache zilipunguza kidogo sana.

Tafuta ugonjwa kwanza

Anza kwa kuieleza dalili kwa maneno yaliyo wazi. Kusema gari ni zito hakutoshi. Ni zito lini: asubuhi likiwa baridi, mlimani likiwa na abiria wanne, au tangu ulipojaza mafuta kwenye kituo fulani? Gari lililobadilika ghafla siku ya pili baada ya kujaza mafuta lina tatizo tofauti kabisa na lile lililopoteza nguvu polepole kwa mwaka mzima, na dawa ya kusafisha, ikiwa ina nafasi, nafasi yake iko kwa hili la pili tu.

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, usinunue dawa yoyote kabla gari halijapimwa kwa kompyuta. Katika ushauri wake kwa madereva, serikali ya Marekani hutoa mfano wa sensa ya oksijeni iliyoharibika, kwamba kuibadilisha kunaweza kuboresha ulaji wa mafuta kwa kiasi kinachofikia asilimia 40. Hakuna kichupa kinachokaribia kiasi hicho. Hata upepo wa tairi, ambao hupimwa kwa dakika tano, una faida ya hakika kuliko dawa nyingi. Na breki inayokamata, ambayo hujulikana kwa ringi ya gurudumu moja kuwa ya moto kuliko nyingine baada ya safari fupi, hula mafuta mchana kutwa bila kuwasha taa yoyote.

Kisha mwombe fundi afungue plagi, uzitazame wewe mwenyewe mchana kweupe, moja baada ya nyingine, huku ukikumbuka kila moja imetoka silinda ipi. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu kwenye kauri inayozunguka ncha yake. Masizi makavu meusi yanayopukutika ukiyagusa kwa kidole yanaonyesha kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa, na kosa linaweza kuwa kwenye sensa, nozeli (kinyunyizio cha mafuta) au filta ya hewa. Weusi wenye utelezi ni oili inayoingia ndani ya silinda, na hakuna dawa ya tangini inayoweza kuizuia. Ikiwa plagi tatu zina rangi nzuri na moja peke yake ni nyeusi, tatizo liko kwenye silinda hiyo, kwenye koili yake, nozeli yake au valvu zake, na kusafisha mfumo mzima kwa kubahatisha ni kupoteza fedha.

Oili inakuja na dawa zake

Sehemu kubwa ya dumu la lita 4 la oili ya gari dogo ni oili ya msingi, lakini kati ya asilimia 10 na 25 yake ni viongezeo vilivyotiwa kiwandani. Humo mna visafishi vya jamii ya kalsiamu na magnesiamu, ambavyo huzuia uchafu kuganda kwenye pistoni na pia huua asidi inayotokana na mwako. Mna vitawanyishi, ambavyo hushika chembe za masizi na kuzielesha ndani ya oili hadi siku ya kuimwaga, na ndiyo sababu oili nzuri huwa nyeusi: weusi ule ni uchafu ulioondolewa kwenye chuma. Mna kampaundi ya zinki na fosforasi inayotengeneza utando mwembamba pale ambapo chuma husuguana na chuma. Mna vizuia povu, vizuia kuoza kwa oili, na polima zinazoifanya isiwe nyepesi kupita kiasi injini inapopata moto.

Vitu hivi vyote vimepimwa pamoja, kwa uwiano maalumu, kwenye injini za majaribio. Baadhi yake hugombea nafasi kwenye uso uleule wa chuma, kwa hiyo ukiongeza kimoja kwa wingi unaweza kukisukuma kingine kisifanye kazi yake. Fosforasi ni mfano mzuri. Katika oili nyepesi za kisasa za magari ya petroli, kama 0W-20 na 5W-30, kiwango chake kimewekewa ukomo wa asilimia 0.08, kwa sababu ikizidi huenda na moshi hadi kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na kuyaua. Mtu anayemimina kichupa cha zinki na fosforasi kwenye oili kama hiyo anauvunja ukomo huo kwa mkono wake mwenyewe, na gharama ya masega mapya inazidi mara nyingi bei ya oili bora kabisa iliyopo sokoni.

Madai ya dawa za oili yamewahi kufikishwa mbele ya sheria. Mwaka 1996 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwafungulia mashtaka watengenezaji wa Slick 50, dawa iliyotangazwa kwamba huzipaka sehemu za injini utando wa PTFE, kemikali ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula. Matangazo yalidai kwamba injini isiyo na dawa hiyo haina kinga kila inapowashwa. Tume ilisema kwamba injini nyingi zinakingwa vya kutosha na oili inayotajwa kwenye kitabu cha gari, na kwamba bidhaa ile haikuupaka utando uliotangazwa. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1997. Watengenezaji wa magari nao husema jambo hilohilo. Vitabu vya magari ya Honda, kwa mfano, hueleza kwamba gari halihitaji kiongezeo chochote cha oili na kwamba viongezeo vinaweza kudhuru utendaji na uimara wa injini au wa gia.

Kwa hiyo fedha uliyotaka kuitumia kwenye dawa ya oili iweke kwenye oili yenyewe, na kazi yako ya kwanza ni kujua oili ipi. Magari mengi ya Afrika Mashariki yameletwa yakiwa yametumika Japani, na kitabu chake, kama kimefika nalo, kimeandikwa Kijapani. Lakini namba kama 0W-20 au 5W-30 zinasomeka katika lugha yoyote, na mara nyingi zimechapishwa pia juu ya kifuniko cha kumiminia oili. Nyuma ya dumu tafuta alama ya mviringo ya API, taasisi ya petroli ya Marekani. Herufi zinazoanza na S ni za petroli, na zinavyosonga mbele katika alfabeti ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya: SN ni ya mwaka 2010, SP ni ya mwaka 2020. Zinazoanza na C ni za dizeli, na CK-4 ilianza mwaka 2016. Oili ya SP inaweza kuwekwa kwenye gari lililoelekezewa SN, lakini oili ya SF iliyopitwa na wakati haifai kwenye gari la leo hata ikiongezewa vichupa vitatu.

Nina jambo zito la kusema kuhusu mazoea ya kuweka 20W-50 kwenye kila gari dogo kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Oili ya daraja la 50 (daraja ni ile namba ya mwisho), injini ikiwa kwenye joto la nyuzi 100, ina mnato wa kuanzia mara moja na robo hivi hadi zaidi ya mara mbili ya ule wa daraja la 30, na injini za Toyota za VVT-i zilizomo kwenye Vitz, IST, Premio na nyinginezo hutumia shinikizo la oili, kupitia njia nyembamba sana, kugeuza mkao wa shafti ya valvu. Oili nzito huchelewesha kazi hiyo, na asubuhi huchelewa kufika juu ya injini. Gari la namna hiyo likilalamikiwa kwamba ni zito, tiba yake ya kwanza ni kumwaga oili hiyo na kuweka iliyoelekezwa. Ushauri wa serikali ya Marekani hukadiria kwamba kutumia daraja sahihi la oili huokoa kati ya asilimia 1 na 2 ya mafuta. Ni kidogo, lakini ni cha hakika.

Dawa za kuzuia gari kula oili ni polima nzito zinazofanya oili iwe nzito zaidi, hivyo madhara yake ni hayohayo. Hupunguza moshi kwa muda na kuficha ugonjwa. Kama moshi wa bluu hutoka kwa wingi unapowasha gari asubuhi na kisha kupungua, shuku sili za valvu. Kama hutoka unapokanyaga mafuta ukiwa na mwendo, shuku ringi za pistoni, na fundi apime kompresheni ya kila silinda. Dawa za kuzuia kuvuja kwa oili zina ukweli fulani ndani yake: huvimbisha mpira wa sili uliokauka na kukakamaa, na uvujaji mdogo unaweza kupungua. Kwa gasketi iliyochanika au shafti iliyolika hazisaidii, na zikizidishwa huulainisha mpira hadi ukaharibika kabisa.

Dawa ya kuosha injini kabla ya kumwaga oili ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Niliwahi kushika wavu wa kunyonyea oili uliotolewa kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya gari ambalo kwa muda mrefu halikubadilishiwa oili kwa wakati, kisha likamiminiwa dawa ya kuosha na kuachwa liungurume kwa dakika kumi na tano. Siku mbili baadaye taa ya oili iliwaka barabarani. Wavu ule ulipaswa kuwa na matundu yanayopitisha mwanga. Nilipouelekeza juani niliona matundu machache tu pembeni, na sehemu nyingine yote ilikuwa imezibwa na tope jeusi zito kama grisi iliyokandwa na masizi, ambalo fundi alilikwangua kwa ncha ya bisibisi. Dawa ilikuwa imebandua utando wa miaka kwa mara moja, na wote ulikwenda mahali pamoja. Gari lenye historia kama hiyo lisafishwe taratibu: weka oili nzuri yenye visafishi vyake, ibadilishe pamoja na filta baada ya kilomita 1,500 au 2,000, rudia mara mbili au tatu, na kama tope ni jingi sampu ifunguliwe na kuoshwa kwa mkono.

Zipo injini za zamani ambazo hoja ya zinki ina msingi kwazo. Ni zile ambazo kemu (nundu za shafti ya valvu) husugua moja kwa moja juu ya tapeti bapa, kama ile ya Peugeot 504, zilizotengenezwa wakati oili zilikuwa na zinki nyingi na magari hayakuwa na masega. Hata hizo, afadhali zinunuliwe oili iliyotengenezwa kwa ajili ya injini za kale kuliko kuchanganya kienyeji.

Kwa wenye bodaboda nina neno moja tu, nalo ni la lazima. Klachi ya pikipiki nyingi imelowa ndani ya oili ileile ya injini. Dawa ya kupunguza msuguano, ikimiminwa humo, hupunguza pia msuguano wa sahani za klachi, na pikipiki huanza kuvuma bila kwenda. Tafuta oili yenye alama ya JASO MA au MA2 na usiongeze kitu.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha oili ni halali. Nunua kwa wakala anayejulikana, kagua kama mkanda wa kifuniko haujakatwa, linganisha namba ya toleo kwenye dumu na kwenye boksi, na dumu likiisha litoboe kabla ya kulitupa, kwa sababu madumu mazima ya chapa zenye jina huokotwa na kujazwa tena.

Dawa ya mafuta: pale inapofanya kazi

Nozeli ya petroli hunyunyiza mafuta kupitia matundu membamba kuliko ncha ya sindano. Kila unapozima gari, joto la injini hukausha mabaki ya petroli kwenye ncha hizo, na kwa miezi mingi hujengeka gamba. Badala ya ukungu, nozeli hutoa michirizi. Injini hutetemeka gari likiwa limesimama, huwaka kwa shida, na hupoteza nguvu kidogo kidogo hata mwenyewe akazoea. Hili ndilo tatizo ambalo dawa ya tangini inaweza kulitibu.

Ushahidi wake ni mzuri. Mwaka 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota waliweka kiwango kinachoitwa Top Tier kwa petroli yenye visafishi vya kutosha, kwa kuwa waliona kiwango cha chini cha sheria ya Marekani hakitoshi kuzilinda injini zao. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha huko, AAA, kilipima petroli zenye kiwango hicho na zisizo nacho kwa mwendo unaolingana na maili 4,000, na zile zisizo nacho ziliacha uchafu mara 19 zaidi kwa wastani. Tanzania na Kenya mafuta huagizwa kwa pamoja, na shehena ya meli moja hugawanywa kwa kampuni nyingi. Kwa hiyo tofauti ya petroli ya kituo kimoja na kingine hutokana na visafishi ambavyo kampuni huongeza ghalani, pamoja na usafi wa matangi yake. Ikiwa unajaza kila mara petroli inayouzwa ikiwa imetiwa visafishi, huna sababu ya kununua kichupa juu yake.

Ukiamua kununua, soma kilichomo. Kisafishi chenye sifa nzuri zaidi kinaitwa poliethaamini, na kwenye lebo huandikwa PEA. Husafisha nozeli, valvu na pia chumba cha mwako. Visafishi vya jamii nyingine husafisha valvu vizuri lakini vinaweza kuacha uchafu ndani ya chumba cha mwako. Vichupa vingi vya bei ndogo ni kiyeyushi cha jamii ya mafuta ya taa chenye kisafishi kidogo, na lebo isiyotaja kiambato chochote inatosha kukufanya ukirudishe rafuni.

Namna ya kutumia ni hii. Subiri hadi tangi libaki na robo au pungufu, na uchague wakati ambapo unakaribia kubadilisha oili, kwa sababu sehemu ya dawa na uchafu itapita pembeni mwa ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Mimina dawa kwanza, kisha mafuta, ili yachanganyike yenyewe kwa nguvu ya pampu. Fuata kipimo cha lebo kwa kulinganisha na ujazo wa tangi lako: kichupa kilichopimiwa tangi la lita 60 hakipaswi kumiminwa chote kwenye tangi la lita 42. Endesha safari ndefu kadiri uwezavyo, ukiruhusu injini ipate moto kamili, na usijaze tena hadi tangi lirudi robo. Kisha badilisha oili na filta. Kama gari halijaonyesha nafuu yoyote baada ya tangi moja, au mbili kwa gari lililochoka sana, acha; nozeli hizo zinahitaji kutolewa na kupimwa kwenye mashine, au ugonjwa uko mahali pengine.

Wenye injini za D4 wanastahili maelezo ya pekee, kwa kuwa ndio wanaouziwa dawa hizi zaidi. Katika injini hizo za Toyota, kama 3S-FSE na 1AZ-FSE, petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda na haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa. Dawa ya tangini inaweza kusafisha nozeli, lakini kaboni iliyoganda kwenye valvu na kwenye njia ya hewa haitaigusa hata tone, kwa sababu kaboni hiyo hutokana na mvuke wa oili na moshi unaorudishwa. Kuiondoa kunataka njia ya hewa ifunguliwe na kusuguliwa. Fundi anayekuahidi kuisafisha kwa kichupa cha tangini haijui injini hiyo.

Dawa za kuongeza okteni, yaani uwezo wa petroli kustahimili bila injini kugonga, zinasaidia tu injini inayogonga kwa kukosa okteni. Gari lililotengenezwa kwa petroli ya kawaida halipati nguvu kwa okteni ya ziada. Ujue pia lugha ya lebo: "pointi 10" humaanisha okteni moja, yaani kutoka 92 hadi 93. Nyingine hutumia madini ya manganizi au chuma, na chuma huacha vumbi jekundu kama kutu kwenye plagi, vumbi linalopitisha umeme na kuifanya plagi ikose cheche. Kiongezeo kilichopandisha okteni kwa nguvu kuliko vyote kilikuwa risasi, iliyogunduliwa kwa kazi hiyo Marekani mwaka 1921. Kilifanya kazi kweli, na kikawatia watoto sumu kwenye damu kwa miongo mingi, hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana nacho mwanzoni mwa 2006, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, likatangaza Agosti 2021 kwamba hakuna tena nchi inayokiuza kwa magari.

Kwenye dizeli, dawa yenye manufaa ya wazi ni ile ya kusafisha nozeli na ile ya kupandisha namba ya setani (kipimo cha wepesi wa dizeli kuwaka) pale injini inapogonga na kutoa moshi mweupe ikiwa baridi. Tangu Januari 2015 dizeli ya nchi za Afrika Mashariki imewekewa ukomo wa salfa wa sehemu 50 kwa milioni; usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia utelezi wa asili, na kwa sababu hiyo kiongezeo cha utelezi hutiwa kabla dizeli haijakufikia. Kuongeza oili ya pikipiki tangini, kama wengi wafanyavyo, huziba kichujio cha masizi cha magari ya kisasa kwa majivu. Maji ndiyo adui mkubwa, nayo huondolewa kwa kufungua koki iliyo chini ya filta ya dizeli hadi dizeli safi itoke.

Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hayana dawa. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili kuondoa faida ya kuchanganya. Gari likianza kugonga mara baada ya kujaza, tunza risiti, mwaga mafuta hayo kwenye chombo safi, hifadhi sampuli kwenye chupa ya kioo, na utoe taarifa.

Pima mwenyewe

Hisia za dereva hazitoshi kuwa kipimo. Aliyetoka kununua dawa hukanyaga mafuta kwa upole na kusikiliza injini kwa makini, na upole huo peke yake hupunguza ulaji.

Jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, na usiongeze hata kidogo. Andika kilomita. Endesha kama kawaida yako, rudi kituo kilekile na pampu ileile ikiwezekana, jaza tena hadi ikate, na uandike kilomita na lita. Tuseme odomita ilikuwa 84,210 na sasa ni 84,642, nawe umeweka lita 36: kilomita 432 kwa lita 36 ni kilomita 12 kwa lita. Fanya hivyo kwa matangi matatu kabla ya dawa, uache lile la dawa lenyewe bila kulihesabu, kisha matangi matatu baadaye, kwa njia zilezile na upepo uleule wa tairi. Wiki ya mvua na foleni isilinganishwe na wiki ya likizo ya shule. Kama wastani wako umepanda kutoka 12 hadi 12.4, tofauti hiyo ni asilimia 3 na kitu, na pampu iliyokata mapema kidogo au foleni moja ya ziada inatosha kuileta. Mimi siamini chochote kilicho chini ya asilimia 5. Ukipanda kutoka 10 hadi 12, nozeli zako zilikuwa chafu kweli, na dawa imefanya kazi yake. Baada ya hapo huihitaji kila mwezi. Mara moja kabla ya kila badiliko la pili au la tatu la oili inatosha.

Ikiwa umeshakosea

Ukiwa umemimina dawa ya oili usiyoijua, na sauti au shinikizo limebadilika, zima injini, mwaga oili yote ikiwa ingali vuguvugu, weka filta mpya na oili sahihi, kisha endesha kilomita 500 na uangalie kijiti cha kupimia oili. Dawa ya petroli ikizidi kipimo, punguza ukali wake kwa kujaza tangi hadi juu. Na kama dawa ya oili imemiminwa tangini, au ya dizeli imeingia kwenye petroli, usigeuze ufunguo hata mara moja, kwa kuwa pampu ya mafuta huanza kusukuma kabla injini haijawaka. Sukumeni gari kando, mwite fundi, na tangi limwagwe hapohapo.